Mawingu Juu ya Konokono

Jumatatu, 3 Machi

Nimenunua daftari hili kwa sababu moja tu. Kazi yangu hairuhusiwi kuzungumzwa nyumbani, na mimi nikikaa kimya siku mbili nafura kama unga uliotiwa hamira. Basi nitakuambia wewe.

Kazi yenyewe ni kuitazama nchi ya jirani kutoka juu. Tuko watatu katika chumba kimoja, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Tunanunua picha za setilaiti, zile zile anazoweza kununua yeyote, tunazikodolea macho, tunahesabu. Nchi yetu na ya jirani zimekubaliana kuondoa makombora ya kutungulia ndege yaliyopangwa pande zote mbili za mpaka. Ya kwetu yanahesabiwa na ofisi iliyoko kwao. Ya kwao tunahesabu sisi. Vituo saba, kila kimoja magari manne ya makombora. Ikifika tarehe 30 Aprili yote yawe yameondoka, na tarehe 15 Mei tunatoa ripoti. Vituo vikiwa vitupu, anga inafunguliwa na ndege za abiria zinaruka tena baada ya miaka mitatu.

Na anga ikifunguliwa, Mama atapanda ndege dakika hamsini aende kwa mdogo wangu. Tunamwita Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga tumbo. Ameolewa upande wa pili na anatarajia kujifungua mwishoni mwa Mei. Mwaka juzi alijifungua peke yake, mumewe akiwa safarini na lori, na mtoto hakukaa hata siku moja. Safari hii Mama kaapa atakuwepo. Ila kwa barabara ni siku mbili na nusu, na daktari wa nyonga yake amekataa katakata. Basi ni ndege au hakuna.

Nilimweleza Mkuu wetu yote haya siku ya kwanza. Ni mama mwembamba aliyefundisha jiografia miaka ishirini na nane na bado anaongea kama ameshika chaki. Alifikiri, akaniambia nitabaki kazini, lakini kila nitakachohesabu, Mzee Kivuli, mwenzetu wa tatu, atakihesabu pia na kusaini. Nilikubali. Sikujua nilichokikubali.

Jumanne, 4 Machi

Mzee Kivuli kanirudishia hesabu yangu mara tatu. Kosa: nilisahau kuandika saa.

Ijumaa, 7 Machi

Vituo vyetu tumevipa majina ya utani kwa jinsi barabara zake zilivyochorwa. Kuna Ua, kuna Kikombe, kuna Sega. Namba sita ni Konokono, barabara yake inajizungusha kuelekea katikati. Kitinda anaishi kilomita arobaini kutoka Konokono. Hilo nalo Mkuu analijua.

Mzee Kivuli alikuwa mwanajeshi wa ulinzi wa anga huku kwetu hadi alipostaafu. Hatazami kitu, anatazama kivuli chake. Gari la makombora, anasema, unaweza kulifunika turubai, ukalipaka matope, ukalivika matawi, lakini kivuli chake hukiviki kitu. Ananifundisha kuanzia kona ya juu kushoto, mstari kwa mstari, bila kuruka, hata pale ambapo naona wazi hakuna kitu. Ananisimamia nyuma ya kiti kama mkaguzi wa tiketi. Nina shahada mbili, jamani, na nafundishwa kuhesabu.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua zimeanza. Bati la duka la rangi linapiga kelele kiasi kwamba tunaongea kwa ishara. Picha ya leo: mawingu.

Jumanne, 18 Machi

Mawingu.

Jumatano, 19 Machi

Mawingu. Mkuu anasema setilaiti nayo ni jicho, nalo likiwekewa pamba halioni.

Jumapili, 23 Machi

Kitinda kapiga simu. Mtoto anapiga mateke, miguu imevimba, mume yuko njiani. Mama akampa maagizo ya nusu saa. Ikafika zamu yangu, na katikati ya maneno akaanza, eti juzi mumewe alipita ile barabara ya kaskazini akaona malori makubwa ya jeshi… Nikamkatiza. Nikamwambia sitaki kusikia, azungumze habari nyingine. Akasema kumbe siku hizi nimekuwa mtu mkubwa, na akakata simu.

Iko sheria moja ofisini kwetu, kubwa kuliko zote: hatumuulizi mtu aliye chini. Tunatumia picha tu. Ukimuuliza mtu anayeishi kule, umemfanya jasusi bila yeye kujua, na siku akikamatwa wewe uko juu ya duka la rangi unakunywa chai. Siwezi kumweleza Kitinda hivyo kwenye simu. Imeniuma.

Jumatano, 2 Aprili

Mawingu yalifumbuka asubuhi moja. Ua na Kikombe ni vitupu! Mama hajui kwa nini nimerudi na viatu vipya.

Ijumaa, 11 Aprili

Vitano vitupu. Vimebaki viwili, Konokono na namba saba. Nimemwona Mzee Kivuli akitabasamu, au labda jino lilimuuma.

Jumanne, 22 Aprili



Picha ya Konokono ilifika saa nane mchana. Mbingu safi, kitu ambacho juu ya Konokono hatujakipata tangu mvua zianze. Kabla sijaifungua nilijionya. Nilijiambia: wewe unataka kituo hiki kiwe kitupu kuliko mtu yeyote duniani, kwa hiyo macho yako leo ni mashahidi wa uongo. Usimwonee huruma mtu. Chochote chenye kivuli cha gari, hesabu.

Nikahesabu manne upande wa kushoto, yamepangwa kwenye vibaraza vyao vya zege kama kawaida. Nikaendelea na mistari yangu. Upande wa kulia, karibu na lango, nikakuta mengine manne. Nikarudia. Manane.

Mkataba unasema wapunguze, hawa wameongeza. Mzee Kivuli akavuta kiti, akapima vivuli kimoja kimoja: urefu ule ule, umbo lile lile, magari halisi, si maboksi ya kudanganyia. "Manane," akasema, akasaini. Wala hakunitazama usoni. Nilidhani ananionea huruma, na hilo liliniudhi kuliko kama angeniambia lolote.

Mkuu akauliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Nilisema kwa sauti ya juu, maana nilitaka ofisi nzima ijue kwamba mimi si mtu wa kupindisha hesabu kwa ajili ya ndugu. Sasa nikiandika naona kwamba hata ile sauti ilikuwa na fahari yake.

Jumatano, 23 Aprili

Mkuu kapeleka taarifa kwa kamati ya nchi mbili. Jioni redio ikatangaza: jirani anatuhumiwa kuongeza makombora, mazungumzo yamesimamishwa. Mama alikuwa akidarizi. Akaipunguza sauti, akaendelea mishono mitatu minne, kisha akaizima taa ya cherehani.

Ijumaa, 25 Aprili

Serikali yao inakana. Inasema hakuna kituo chenye zaidi ya magari manne. Mimi nikasema moyoni, mwizi gani aliyewahi kujipigia kelele.

Mama kakunja nguo zote za mtoto akaziweka juu ya kabati.

Jumapili, 27 Aprili

Mama hawezi kukaa bila kushona. Leo kazishusha tena. Shuka la mtoto alikuwa amelikata vipande viwili kutoka jora moja, la kijani cha majani machanga. Kimoja alikifua mwezi uliopita, kingine hakikufuliwa. Leo kaviunga, akalishika shuka juu dirishani, akasonya. Jora moja, siku moja ya kununuliwa, lakini kipande kimoja kimepauka na kingine kinang'aa, na katikati mstari ulionyooka.

"Tazama," akasema. "Baba mmoja, mama mbalimbali."

Nikacheka. Kisha nikalichukua shuka, nikapitisha kidole kwenye mstari ule. Nimekulia chini ya meza ya cherehani. Najua mstari wa mkasi nikiuona, na mstari kama ule niliuona Jumanne iliyopita. Barabara ya Konokono ilikuwa kavu upande mmoja na nyeusi kwa maji upande wa pili, na mpaka wake ulinyooka. Niliuona nikapita, maana nilikuwa natafuta magari. Lakini mvua hainyeshi kwa rula.

Mama kaniuliza kama naumwa. Kesho nitatangulia kufika ofisini.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilifika mfagiaji akiwa bado kwenye ngazi. Kila picha tunayonunua inakuja na faili dogo la maelezo: saa, tarehe, pembe ya jua. Faili hilo linachosha, limejaa tarakimu, na Jumanne ile sikulifungua. Leo nimelifungua. Mstari wa kumi na tisa unasema hivi: picha imeunganishwa kutoka vipande viwili, kushoto tarehe 9 Aprili, kulia tarehe 22 Aprili. Wauzaji walikuta wingu upande wa kushoto, wakakata, wakatia kiraka cha picha ya zamani.

Basi yale manne ya kushoto yalikuwepo tarehe 9. Kati ya siku hizo yakahama kwenda langoni. Tarehe 22 yakapigwa picha tena. Niliyahesabu mara mbili. Magari yaliyokuwa yamejipanga mlangoni kuondoka ndiyo niliyoyafanya kuwa jeshi jipya. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze, niangukie kwenye makopo ya rangi huko chini.

Nilikaa pale nikiwa na mambo mawili. La kwanza, nimekosea, na kosa langu limesimamisha mazungumzo ya nchi mbili. La pili, nikisema, kila mtu atasema ahaa, dada yake yuko kule, amepata njia ya kuyapunguza magari. Je, nilifikiri kunyamaza? Nilifikiri, daftari, sikufichi. Dakika kama tano hivi. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe kingekuwa cha mtu mwingine.

Walipoingia nikawaonyesha. Mkuu aliusoma mstari wa kumi na tisa mara mbili kwa kidole. Akauliza swali nililolingoja: nani ataamini kwamba mimi, kwa nafasi yangu, nimeligundua hili kwa bahati? Nikasema nitaondoka kazini ikibidi, lakini barua iende leo.

Mzee Kivuli alikuwa bado hajavua koti, maji yakimdondoka. Nilitarajia anichane. Akavuta kiti, akapima vivuli vya kushoto, akapima vya kulia. Pembe mbili tofauti. Mtu anayeishi kwa vivuli alikuwa amepima urefu wa vyote vinane na hakulinganisha vimelalia wapi.

"Faili hilo hata mimi sikulifungua," akamwambia Mkuu. "Nilipoona binti huyu amehesabu manane huku dada yake yuko kule, nikasema mtu huyu hawezi kudanganya. Nikasaini heshima yangu kwake. Sikusaini hesabu."

Kisha akatueleza jambo ambalo sijawahi kumsikia akilisema. Ujanani alikaa kwenye rada ya kikosi cha makombora. Asubuhi moja waliona ndege tatu zinakuja, wakajiandaa kufyatua. Kapteni wao, mtu mkali asiyependwa na yeyote, akawaambia wahesabu tena. Ilikuwa moja, ndege ya abiria iliyopotea njia, na zile mbili zilikuwa mwangwi wa mtambo wao wenyewe. Watu tisini na mmoja walitua salama wala hawajui hadi leo. Tangu siku hiyo, akasema, mtu akimwambia hesabu tena, yeye huwa haoni tusi.

Kumbe ndiyo maana. Siku zote hizi nimemwita mkaguzi wa tiketi.

Jumanne, 29 Aprili

Barua imekwenda ikiwa na saini tatu. Haisemi magari ni manne na hakuna zaidi. Inasema: tulikosea, tulichoona ni vipande viwili vya siku mbili, magari yaliyothibitishwa ni manne, na hatujui zaidi hadi tupate picha ya siku moja. Mkuu aliandika neno "tulikosea" kwa mkono wake, akalipigia mstari.

Magazeti yametucheka. Moja limechora kibonzo cha mtu aliyevaa miwani juu ya miwani. Nimekikata nikakibandika ukutani ofisini.

Ijumaa, 2 Mei

Mawingu.

Jumanne, 6 Mei

Namba saba ni kitupu. Kamati imesema mazungumzo yatarudi kama na Konokono ni kitupu. Ripoti yetu bado ni tarehe 15, na bila picha safi tutaandika "haijulikani". Anga haifunguliwi kwa neno hilo.

Konokono: mawingu.

Ijumaa, 9 Mei

Mawingu. Leo nimeishika simu. Mume wa Kitinda anapita barabara ile kila wiki. Swali moja tu, eti shemeji, pale kwenye uzio mmeona nini? Angenijibu kabla sijamaliza kuuliza, maana hana siri yule. Na Kitinda yuko wiki ya thelathini na saba.

Nilipiga. Akapokea Kitinda mwenyewe. Nikamuuliza miguu ikoje. Nikamwambia siku ile nilimkatiza kwa sababu ya kumpenda, si kwa ukubwa, na ipo siku nitamweleza. Akasema alikwisha kuelewa kesho yake, mumewe ndiye aliyemfafanulia kwamba malori ya jeshi hayazungumzwi kwenye simu. "Ila ulinikata kama uzi, dada," akasema. Akaniuliza tu kama Mama atakuja. Nikamwambia sijui. Nilipoweka simu nililia, nikanawa uso, nikarudi kwenye kompyuta.

Jumatatu, 12 Mei

Mawingu. Shuka lile Mama amelifumua, akakifua kile kipande kipya mara nne ili vifanane. Bado havijafanana. Kaviunga hivyo hivyo.

Jumanne, 13 Mei

Asubuhi nilipotoka hapakuwa na wingu. Nilikwenda ofisini nikiwa nimeinua uso juu hadi nikamkanyaga mwenye duka la rangi.

Picha ilifika saa tisa kasoro. Sasa tuna utaratibu mpya. Kabla ya picha, faili linasomwa kwa sauti na watu wote wamesimama. Mkuu alisoma kama anasoma matokeo ya mtihani: tarehe 13 Mei, saa nne na dakika thelathini na nane asubuhi, kipande kimoja, hakuna kiraka. Ndipo tukaifungua.

Vibaraza vyote vitupu. Langoni patupu. Njia za matairi zimejaa maji. Nilianza kona ya juu kushoto, mstari kwa mstari, na sikuruka hata pale nilipoona wazi hakuna kitu. Katikati ya Konokono nikakuta vidoa vyeupe. Kumi na vinne.

Nikasema kwa sauti, kwa sababu lazima kusema: vitu kumi na vinne visivyojulikana. Mkuu akashika kiti. Mzee Kivuli akainama, akapima. Alichukua muda mrefu sana. Vivuli vyake ni vifupi kuliko mguu wa meza. Kumi na kimoja viko ukingoni mwa dimbwi, vimeelekea majini.

"Miaka thelathini na mbili nimekaa na makombora," akasema. "Sijaona hata moja likienda kunywa maji."

Mbuzi! Mtu amekwisha kuvunja uzio akawapitisha mbuzi wake. Mkuu akacheka hadi akakaa. Nikaomba tuhesabu tena. Tukahesabu, kila mmoja peke yake, tukaandika kwenye karatasi tatu. Magari sufuri, magari sufuri, magari sufuri. Mbuzi kumi na wanne, kumi na wanne, kumi na watano. Mzee Kivuli anadai mmoja ana mtoto ubavuni.

Alhamisi, 15 Mei

Ripoti imetoka. Vituo saba, vitupu saba. Ukurasa wa kwanza unaeleza kosa letu la Aprili kabla ya kueleza lolote jingine. Nilipinga, nikasema tuliweke nyuma huko. Mkuu akaniambia atakayeona tumekosea wapi ndiye atakayeamini tumepatia wapi.

Jioni, baada ya redio, Mama aliinuka kwenye cherehani. "Ndiyo kazi yako hiyo?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akarudi kwenye cherehani, akasema kumbe sikusoma bure.

Jumapili, 25 Mei

Mama kaondoka na ndege ya kwanza. Hajawahi kupanda ndege maishani, na amemweleza rubani, kupitia kwa mhudumu, kwamba nyonga yake haipendi kutikiswa. Mvua imekwisha. Nimebaki uwanjani nikiitazama hadi ikawa kidoa.

Jumatano, 28 Mei

Jana alasiri mdogo wangu kajifungua mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Mama alikuwepo tangu uchungu wa kwanza, na nasikia mkunga alimwomba mara mbili asogee. Kitinda kaniambia kwa simu kwamba mtoto amefungwa kwenye shuka la rangi mbili. Nyuma yake nilimsikia mtoto mwenyewe akilia, sauti kubwa isiyo na adabu. Nimemwomba Kitinda aache simu hapo hapo asiseme kitu, nisikilize.

Na leo ofisini imefika picha ya kawaida ya mpakani, ya Jumapili. Tunaendelea kuangalia mwaka mzima, ndivyo mkataba unavyotaka. Mkuu akasoma faili tukiwa tumesimama: saa nne na dakika arobaini na moja, kipande kimoja. Nikaanza kona ya juu kushoto. Kaskazini ya Konokono, juu ya mashamba, nikakuta kitu kidogo chenye mabawa, na pembeni yake vivuli vitatu vya rangi, chekundu, kijani na buluu, vimepishana kama vinafukuzana. Kamera ya setilaiti huchukua rangi moja baada ya nyingine, na kitu kilichotulia rangi zake hulaliana. Zikipishana hivi, kitu hicho kinaruka.

Jumapili, saa hiyo, kulikuwa na ndege moja tu angani. Nikawaza kiti cha dirishani, na mwanamke aliyeshika mfuko wa nguo za mtoto mapajani asimpe mtu. Macho yakajaa, picha ikaparaganyika.

Mzee Kivuli akavuta kiti.

"Ngapi?"

"Moja."

"Hesabu tena."

Nikafuta macho, nikarudi kona ya juu kushoto, mstari kwa mstari, hadi chini. Kisha nikaandika kwenye jedwali: ndege ya abiria, moja. Naye akasaini.